Betri Zimekufa, Hesabu Alipiga Nani?

Mnunuzi wa vyuma chakavu alizipima betri zangu kwa mizani ya kuning'iniza, moja baada ya nyingine, akaandika kilo kwenye kiganja chake kwa kalamu, kisha akahesabu noti. Betri mbili za jeli za mfumo wangu wa sola, 200Ah kila moja (Ah ni ampea-saa, kipimo cha akiba ya betri), mzigo wa kunyanyuliwa na watu wawili. Zilikuwa zimekaa kwangu Kigamboni miezi 14 tu.

Nilizinunua Januari 2024. Anayeikumbuka miezi ile hahitaji kuelezwa. Mgao wa umeme ulikuwa umetuchosha, bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lilikuwa bado halijaingiza kwenye gridi umeme wa hata mtambo mmoja (wa kwanza ulianza Februari mwaka huo), na Kariakoo maduka ya vifaa vya umeme yalipanga paneli mlangoni kama magodoro. Nikachukua inveta ya 3kVA (mashine inayogeuza umeme wa betri uwe wa kutumika nyumbani), paneli nne za wati 250 na betri hizo mbili. Fundi wa duka akaja navyo kwenye kirikuu, na kabla ya magharibi taa zilikuwa zinawaka. Machi 2025, masika ilipoanza kunyesha, inveta ikaanza kulia saa nne usiku. Kisha saa tatu. Mwisho tukawa hatuifikii hata taarifa ya habari ya saa mbili.

Nikarudi dukani. "Bosi, betri zilitoka hapa nzima kabisa, hilo muulize fundi." Nikampigia fundi. "Bosi, mimi nilifunga ulichonunua." Na mimi, nikijitetea mbele ya mke wangu, nikasema nilinunua nilichoambiwa. Ukitusikiliza sote watatu, hakuna muongo. Muuzaji aliuza vifaa vizima, fundi aliunganisha nyaya zikashika, mteja alilipa taslimu. Ila kuna kazi moja ambayo haikuwa na mwenyewe: hakuna aliyekaa chini akapiga hesabu nyumba hii inakula umeme kiasi gani, na saa ngapi.

Kwa hiyo nikisikia watu wanaulizana "unamjua fundi sola mzuri?", naona swali limeanzia mbali. Tunamtafuta mtu wa kupanda bati na kukaza nati, na wa hivyo wapo wengi, tena hodari. Anayekosekana ni mwenye hesabu. Mfungaji wa kumchagua ni yule ambaye, betri zikifa kabla ya wakati, huwezi kumsikia akisema "nilifunga ulichonunua", kwa sababu karatasi ya hesabu ina mwandiko wake na sahihi yake.

Hesabu yenyewe si ya chuo kikuu. Ngoja nikuonyeshe ya kwangu, niliyoipiga nikiwa nimeshachelewa. Uniti moja ya LUKU, umeme wetu wa kulipia kabla, ni wati 1,000 zilizotumika kwa saa nzima. Friji letu la kawaida linakula kama uniti 1.2 kwa siku. Feni mbili za wati 60, kuanzia tunapolala hadi alfajiri, saa tisa, ni uniti 1.08. Na Kigamboni bila feni hulali. Televisheni ya wati 80 kwa saa tano ni 0.4. Taa nane za wati 9 kwa saa tano ni 0.36. Ruta, simu na vidude vingine, tuseme 0.3. Jumla ni uniti 3.3 na kidogo kwa siku. Inveta nayo hula njiani, asilimia kumi na kitu, kwa hiyo kilichotakiwa kutoka juu ya paa ni karibu 3.8.

Juu ya paa kulikuwa na nini? Paneli za jumla ya wati 1,000. Jua la Dar, ukilikusanya asubuhi hadi jioni, ni sawa na saa kama nne na nusu za jua kali kabisa kwa siku ya wastani, na masika hata hizo huzipati. Toa upotevu wa joto, vumbi, nyaya na kuchaji, kama asilimia 30, unabaki na uniti 3.15. Yaani tangu siku ya kwanza, jua likiwa zuri, betri zangu zilikuwa zinadaiwa kuliko zilivyolipwa.

Usiku ndio ulizimaliza. Kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi asubuhi tulikuwa tunatumia kama uniti 2.7, na ukiongeza kinacholiwa na inveta ni 3.1. Betri mbili za 200Ah za volti 12 zinabeba uniti 4.8 kwenye makaratasi, lakini betri za jeli, kama ndugu zake wote wa risasi na asidi, hazipendi kushushwa chini ya nusu. Ya halali ilikuwa 2.4. Kila usiku nilizimaliza zaidi ya asilimia 60 ya akiba yake, na kila mchana hazikujaa. Betri ya risasi isiyojaa hugandiwa na salfeti kwenye sahani zake, kidogo kidogo, na ikishagandiwa sana hairudi. Miezi 14, kwa hesabu hiyo, zilijitahidi.

Fundi angeliziokoa kwa kubonyeza kitufe. Inveta za siku hizi zina mpangilio wa nani atangulie: TANESCO, yaani umeme wa gridi, au betri. Yangu ilipangwa betri kwanza, TANESCO baadaye, na aliniambia kwa fahari, "Bosi, utasahau LUKU." Nilifurahi kama mtoto. Matokeo yake ni kwamba umeme ulipokatika saa tatu usiku, saa niliyoihitaji betri, yenyewe ilikuwa imeshatumika kuendesha friji wakati umeme wa TANESCO uko ukutani bila kazi.

Hapa ndipo mfungaji mkweli anapojitenga na mchuuzi. Nyumba ya mjini, ya daraja la kawaida la matumizi, mwaka 2024 ilikuwa inalipa karibu shilingi 356 kwa uniti pamoja na kodi na tozo. Uniti zangu 3.3 ni kama shilingi 1,200 kwa siku, elfu 36 kwa mwezi, laki nne na ushee kwa mwaka. Chukua profoma (karatasi ya makadirio ya bei) yoyote ya sola yenye betri, igawe kwa laki nne na ushee, kisha uangalie kama betri zenyewe zitaishi miaka hiyo. Kwa matumizi madogo kama yangu, betri ni ya kununua uhakika: friji lisiyeyushe samaki, mtoto amalize kazi ya shule, feni lisisimame saa nane usiku. Anayekuuzia betri kwa ahadi ya kusahau LUKU hajapiga hesabu, au amepiga akaificha. Kule kijijini ambako nguzo hazijafika hesabu ni nyingine kabisa. Kule unashindana na gineta na mafuta yake, na sola inashinda asubuhi na mapema. Mwenye kiwanda kidogo cha kusaga anayefanya kazi mchana naye ana hesabu yake. Ndiyo maana swali la kwanza la mfungaji linapaswa kuwa "unataka nini?", na asipolijua jibu lako asiandike bei.

Akishauliza, aje nyumbani. Picha za WhatsApp hazimwonyeshi kwamba mwembe wa jirani unatupa kivuli kwenye pembe ya paa kuanzia saa tisa, wala kwamba simtanki lako liko upande wa kaskazini. Paneli zilizoungwa kwa mstari mmoja zinakwenda kama msafara: mmoja akichechemea, wote wanapunguza mwendo. Na sisi tulio kusini mwa ikweta, paneli zinaelekezwa kaskazini, kwa mwinamo mdogo wa kutosha mvua kuosha vumbi. Nimeona nyumba Mbagala paneli zimelazwa upande wa kusini kwa sababu ndio unaoonekana barabarani.

Leseni? Iulizie, na usione haya. Kwa Tanzania, EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ndiyo inayotoa leseni za ufundi wa mifumo ya umeme, kwa madaraja, na mwenye nayo hakasiriki ukimwomba aionyeshe. Kenya wamekwenda mbele zaidi kwenye sola yenyewe. Tangu kanuni za mwaka 2012, fundi wa sola anapewa daraja la T1, T2 au T3 kulingana na ukubwa na ugumu wa mfumo anaoruhusiwa kuugusa, na kampuni inayouza na kufunga ina leseni yake tofauti. Msomaji wa Nairobi au Mombasa anayewekewa inveta iliyounganishwa na umeme wa KPLC, shirika la umeme la Kenya, ahakikishe anayepanda paa ni T3, daraja la juu. Utaratibu huo naupenda, maana unakiri kwamba kufunga taa tatu na redio si sawa na kufunga mfumo wa nyumba nzima. Lakini leseni inakuambia mtu huyu anajua kazi. Haikuambii kama kwako aliifanya.

Nakuja kwenye jambo ambalo fundi umeme wa kawaida, hata mwenye miaka 20 kazini, anaweza kukosea bila nia mbaya. Umeme wa paneli na betri unakwenda upande mmoja tu. Ule wa TANESCO unageuka mwelekeo, na katika kugeuka unapita sifuri mara 100 kwa sekunde. Breka ya kawaida inategemea sifuri hiyo kuizima cheche inapokata. Ukiipeleka upande wa paneli, siku ya kukata cheche haipati pa kufia. Inaendelea kuwaka ndani ya plastiki, na juu yake kuna mbao za kenchi. Zipo breka zilizotengenezwa kwa umeme wa moja kwa moja, nazo huandikwa hivyo ubavuni. Mwombe fundi akuonyeshe maandishi kabla hajafunga kifuniko. Akikwambia "breka ni breka tu, bosi", mpe nauli arudi kwao.

Nyaya nazo. Volti zikiwa ndogo, mkondo unakuwa mkubwa: wati 1,000 kwenye volti 12 ni ampea 83, kwenye volti 48 ni 21 tu. Tuseme ampea 20 zinasafiri mita 10 kwenda na 10 kurudi kwenye waya wa milimita 2.5, ule tuliouzoea kwenye soketi. Zinaacha njiani volti 3 hivi. Kwenye mfumo wa volti 12 hiyo ni robo ya umeme wako, inayopasha joto ukuta. Waya wa milimita 6 unaacha volti moja na robo, na bado si nzuri. Ukiona profoma imeandika "nyaya na vifaa vidogo" kwa mkupuo, bila unene wala urefu, jua hapo ndipo bei iliposhukia. Paneli hawezi kuzipunguza, utazihesabu. Waya umo ndani ya bomba.

Tukiwa kwenye kuhesabu, nenda dukani na futikamba. Jua kali kabisa linaleta kama wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, na paneli nzuri za leo zinageuza karibu asilimia 20 hadi 22 ya hilo kuwa umeme. Kwa hiyo mita moja ya mraba ni wati 200 na kitu, basi. Paneli iliyobandikwa 400W lazima ikaribie mita mbili za mraba. Ya 550W ni ndefu zaidi ya mita mbili na robo na pana kama mita moja na sentimita 13. Ukiambiwa 400W nayo inaingia siti ya nyuma ya bajaji, stika ndiyo yenye wati hizo. Fundi anayekuzuia kupima, au anayecheka ukitoa futikamba, ameshakujibu swali jingine.

Na inveta ya 3kVA si lazima itoe wati 3,000. Nyingi ni 2,400. Pampu ya maji na friji, wakati wa kuwaka, huvuta mara kadhaa ya kile zinachokula zikishatulia. Mfungaji aandike yote mawili, wati za kuwaka na za kutulia.

Usalama wa wengine hauzungumzwi sana, na mimi nauzungumza kwa sababu nina shemeji anayepanda nguzo. Nyumba yenye inveta na mita ya TANESCO lazima iwe na namna ya uhakika ya kuzuia umeme wako usirudi kwenye laini: ama inveta inayojitenga yenyewe gridi inapozima, ama chenji ova, swichi ya kuchagua chanzo cha umeme, isiyoruhusu pande mbili kushika kwa pamoja. Waya wa plagi mbili unaochomekwa kwenye soketi "kuwasha nyumba nzima" unaweza kumuua mtu aliyeshika waya nguzo ya tatu kutoka kwako, akijua umezimwa. Athi, waya wa kupeleka ardhini umeme uliovuja, nayo iwe ya kweli, nondo yake iwe ardhini, ipimwe, na sio kipande cha waya kilichofungwa kwenye bomba la plastiki. Ndugu zetu wa Mwanza na Bukoba, na radi zile za ukanda wa Ziwa, wadai na kinga ya radi iandikwe kwenye profoma.

Bati nalitaja upesi. Skrubu ipite kwenye mgongo wa bati, kwenye bonde hapana, iingie kwenye papi, ubao unaobeba bati, na iwe na raba. Kati ya paneli na bati kuwe na nafasi ya kupitisha upepo, maana paneli ikipata joto hupoteza nguvu, na juu ya bati la Dar saa saba mchana inapata joto haswa. Sisi wa pwani tusikubali nati za chuma cha kawaida. Chumvi inazila kabla hujamaliza deni.

Dhamana ni neno linalotumika vibaya kuliko yote kwenye biashara hii. Utaambiwa paneli ina miaka 25. Ni kweli, imeandikwa, na mara nyingi ni ahadi ya kiwanda kilichoko China kwamba paneli haitashuka chini ya kiwango fulani. Haimhusu aliyetoboa paa lako. Hata kampuni zenyewe huondoka. Mobisol ya Ujerumani, iliyofunga sola za nyumbani Tanzania, Kenya na Rwanda, iliingia kwenye ufilisi mwaka 2019, na ENGIE ya Ufaransa ikaichukua mwaka huo huo. Wateja wale walipata mrithi, na si kila mteja hupata. Kwa hiyo mimi dhamana ya miaka 25 naisoma kwa heshima, kisha naomba ile ya mwaka mmoja au miwili ya kazi ya mikono, kwa maandishi: bati likivuja nani anakuja, betri ikishindwa kufika asubuhi kwa matumizi yaliyoandikwa kwenye hesabu nani analipa. "Kwa matumizi yaliyoandikwa" ndiyo maneno yenye uzito, kwako na kwake. Ukiongeza pasi juu ya hesabu, kosa ni lako. Malipo nayo yagawanywe, na fungu la mwisho lisubiri mfumo uvuke usiku kadhaa ukiwa na mzigo wote. Na risiti iwe ya EFD, ile mashine ya kodi.

Fundi wangu wa pili nilimpata kwa jirani wa msikitini. Alikuja na klampu mita, kipimo cha mkondo kinachobana waya, na daftari la mistari, akaomba kuona kumbukumbu za LUKU za miezi mitatu kwenye simu, akamwomba mke wangu awashe pasi huku yeye anapima. Akakaa saa nzima bila kutaja bei. Kisha akasema, "Kaka, pasi na pampu vibaki TANESCO. Friji, feni, taa na ruta nitavitengea boksi lao la breka. TANESCO itangulie, betri ingoje kukatika." Nikamuuliza habari ya lithiamu, maana kila mtu anaisifu. Akasema inafaa, inashuka chini zaidi bila kuumia na mizunguko yake ya kujaa na kutumika ni elfu kadhaa, lakini nikiifungia hesabu ile ile ya zamani nitakuwa nimekosea kwa pesa nyingi zaidi. Akaniachia ukurasa kutoka kwenye daftari, na chini jina lake na tarehe.

Nikakaribia kufanya kosa nililojifunza kutolirudia: nikataka kumwamini kwa sababu ya ukurasa huo. Nikajizuia. Nikamwomba namba ya mteja ambaye mfumo wake umepita masika mbili, siyo wa mwezi uliopita, maana mfumo wa mwezi mmoja kila mtu anausifu. Akanipa ya mama mmoja wa Toangoma.

Yule mama alinilalamikia habari za fundi huyo kwa dakika kumi nzima. Kwamba ni mkaidi. Kwamba alimkatalia birika la umeme, akakataa hata alipoongezewa pesa, akasema labda aongeze betri na paneli kwanza. Kwamba alimfanya akate tawi la mpera alioupanda marehemu mumewe, na yeye mama akalia. Nikamuuliza, "Na umeme, mama?"

"Umeme upo," alisema. "Nakwambia habari za huyo kijana."

Nikampigia fundi jioni hiyo hiyo.